Habari za Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo

Wakristo wengi huimba nyimbo za Paul Gerhardt wasijue habari zake. Wengine hudhani ya kuwa mtu aliyetunga nyimbo za kumtumaini Mungu namna ile, bila shaka alikaa raha mustarehe. Haikuwa hivyo, na kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha yake.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, huko Udachi. Alipokuwa na miaka 11 vikaanza vita ambavyo baadaye viliitwa Vita vya Miaka Thelathini. Baba yake akafa mwaka 1619, na mama yake mwaka 1621. Mwaka 1628 akaingia chuo kikuu cha Wittenberg kujifunza elimu ya Mungu. Hata mwaka 1637 askari wa Uswedi wakautia moto mji wa kwao, nyumba ya wazazi wake ikateketea pamoja na kanisa. Na mwaka ule ule ndugu yake akafa kwa tauni. Vita vilipokwisha mwaka 1648, Gerhardt alikuwa bado hajapata usharika. Akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1651, akiwa mtu wa miaka 44, akapelekwa Mittenwalde.

Mwaka 1655 akamwoa Anna Maria Berthold. Mtoto wao wa kwanza, msichana, hakutimiza mwaka mmoja. Wazazi wakaweka ubao wa kumbukumbu katika kanisa la Mittenwalde, wakachagua neno lile Yakobo alilomjibu Farao (Mwanzo 47:9), neno la mzee sana, kwa kaburi la mtoto mchanga! Watoto wengine watatu wakafa vivyo hivyo. Akasalia mmoja tu, Paul Friedrich.

Hapa imetupasa kusahihisha hadithi moja. Watu husimulia ya kuwa wimbo wake mkubwa juu ya Zaburi 37:5 aliutunga usiku katika nyumba ya wageni, alipokuwa amefukuzwa kazini pamoja na mkewe, na ya kuwa papo hapo wakaja wajumbe wa mkuu mmoja kumpa kazi nyingine. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si kweli. Wimbo ule wenye beti 12, ambao maneno yanayoanza beti hizo yakifuatana huwa ule mstari wa zaburi, ulikwisha kupigwa chapa mwaka 1653. Wakati ule alikuwa hajaoa, wala hajazika mtoto, wala hajafukuzwa. Sisi twaona ya kuwa kweli hii inatia nguvu kuliko hadithi. Alimkabidhi Mungu njia yake kabla ya kujua inapita wapi, kisha ikambidi kuipita.

Mwaka 1657 aliitwa Berlin, katika kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Calvin, na mwaka 1664 akatoa amri wachungaji wa pande mbili wasitukanane mimbarani, tena watie sahihi. Gerhardt hakuwa mtu wa matukano. Lakini aliona ya kuwa akitia sahihi ataiacha imani aliyoapa kuishika alipobarikiwa. Akakataa, na mwaka 1666 akaondolewa kazini. Watu wa mji wakamwombea, hata mwaka 1667 mtawala akamrudisha bila sahihi, akitumaini tu ya kuwa ataifuata amri. Wengine humwita mkaidi kwa kuwa hakurudi hata hapo. Amri yenyewe haikuwa mbaya yote, twakubali. Lakini kwake yeye, kuahidi kwa kunyamaza kulikuwa sawa na kuahidi kwa kalamu.

Mwezi wa Machi 1668 mkewe akafa. Basi akakaa bila kazi, bila mke, pamoja na mtoto wake mdogo. Mwaka 1669 akahamia Lübben, akahudumu huko karibu miaka saba, akafa tarehe 27 Mei 1676, akazikwa katika kanisa lile. Picha yake iliwekwa humo, na chini yake maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa mwalimu wa elimu ya Mungu aliyepepetwa katika ungo wa Shetani.