Behring na Sumu Iliyogeuka Dawa

Nawaletea habari za Emil von Behring. Alizaliwa Prussia mwaka 1854, baba yake mwalimu mwenye watoto 13. Kwa kukosa ada, alisomea udaktari kwa gharama ya jeshi. Mwaka 1890, mjini Berlin, yeye na Kitasato walimzoesha sungura sumu ya vijidudu vya pepopunda. Maji ya damu yake yakawakinga panya. Mwaka 1901 alipata Tuzo ya Nobel, akafariki 1917. Baadaye Mfaransa Gaston Ramon alionyesha jinsi ya kufubaza sumu za namna hiyo kwa formalini. Sumu iliyofubazwa ndiyo chanjo wanayochomwa wajawazito wetu Bariadi, ili vichanga wasife kwa pepopunda. Vijana, nawasihi, msiikimbie sayansi kwa sababu ya umaskini.