Linus Pauling: kutoka selimundu hadi vitamini C

Kama mtoto wako amewahi kutolewa damu ili ijulikane kama ana selimundu, tuna deni kwa Mmarekani mmoja, Linus Pauling. Na kama umewahi kushawishiwa kulipia kipimo cha kiwango cha antioksidanti mwilini, ushawishi huo nao una mkono wake.

Pauling alizaliwa mwaka 1901 huko Portland, Oregon. Baba yake, muuza dawa, alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Alisomea kemia, akawa bingwa wa namna molekuli zinavyoshikana. Mwaka 1949, yeye na wenzake, akiwamo daktari kijana Harvey Itano, walipitisha umeme kwenye himoglobini ya wagonjwa wa selimundu na ya watu wasiougua. Zilisafiri tofauti. Wazazi wanaobeba ugonjwa bila kuugua walikuwa na aina zote mbili. Kipimo hicho tunakitumia hadi leo, na jibu lake linabadilisha mambo: mtoto anaanzishiwa penisilini ya kinga mapema, na wazazi wanajua la kutarajia katika mimba ijayo.

Alipata Nobel ya Kemia mwaka 1954, kisha ya Amani ya mwaka 1962.

Mwaka 1966 alipokea barua ya mkemia Irwin Stone iliyomsihi atumie gramu 3 za vitamini C kila siku. Hizo ni sawa na machungwa 40 hivi! Yeye na mkewe, Ava Helen, wakaanza. Kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mafua kiliwapeleka watu wengi madukani. Baadaye akasema vitamini hiyo inasaidia hata saratani. Hospitali ya Mayo ilijaribu mara mbili, gramu 10 kwa siku, majibu yakatoka mwaka 1979 na 1985: haikuwasaidia wagonjwa. Pauling alikasirika, hakukubali. Ava Helen alifariki kwa saratani ya tumbo mwaka 1981, na yeye kwa saratani ya tezi dume mwaka 1994, akiwa na miaka 93. Tusimcheke, umri huo wengi tungeutamani, ingawa hauthibitishi lolote kuhusu vidonge.

Figo zako hazikumsikiliza. Ukimeza zaidi ya miligramu 400 hivi kwa siku, kiwango katika damu karibu hakipandi tena. Ziada inaishia kwenye mkojo, na kwa wengine inaleta kuharisha au mawe ya figo.

Nacho kipimo cha jumla ya antioksidanti kinadanganya kwa namna ya ajabu. Sehemu kubwa ya kinachopimwa ni asidi ya yuriki, ileile inayoleta jongo, ambalo wengine huliita gauti. Kwa hiyo mtu ambaye figo zake zinashindwa kazi anaweza kupata majibu mazuri kuliko wewe mzima. Ukiletewa karatasi hiyo, muulize aliyekupima: namba ikiwa chini, matibabu yangu yatabadilika vipi?

Vitamini C yenyewe huwa naifikiria kwa mtoto anayekula vyakula viwili vitatu tu, fizi zinavuja damu, miguu inamuuma hadi anakataa kutembea. Hapo nashuku kiseyeye. Mara nyingi naanza kumpa vitamini bila kusubiri majibu ya maabara, na katika siku chache maumivu yanapungua.