J.M. Kariuki: Mwenye Shibe Aliyemjua Mwenye Njaa

Kuna wakati, komredi, Machi 2 haikuwa tarehe ya kawaida pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walikusanyika kumkumbuka mbunge aliyeuawa, na serikali haikupenda kabisa. Leo ukiuliza J.M. Kariuki ni nani, wengi watakwambia ni yule aliyetupwa Ngong. Yaani kifo chake kimemeza maisha yake. Basi tuanze na maisha.

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa mwaka 1929 huko Bonde la Ufa, mtoto wa maskwota kwenye shamba la mlowezi. Wazazi wake walilima ardhi ambayo hawangeweza kuiita yao. Masomo yalimfikisha hadi King's College Budo, Uganda. Aliporudi nyumbani vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto, na mwaka 1953 akakamatwa. Alizungushwa kambi baada ya kambi mpaka 1960. Mambo ya huko aliyaandika kwenye kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilichotoka 1963.

Uhuru ulimkuta karibu na meza kuu. Alikuwa katibu wa Jomo Kenyatta, akawa mbunge wa Nyandarua, baadaye waziri msaidizi. Na tusimpake rangi ya utakatifu: JM alitajirika. Alikuwa na mashamba, na alipenda mbio za farasi na kamari. Angetaka kunyamaza, sababu alikuwa nazo tele.

Hakunyamaza. Kilichomkera zaidi ni ardhi. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa kwa mikopo kutoka Uingereza, mwenye pesa ndiye anapata. JM aliuliza Bungeni na nje ya Bunge: kwa nini Mkenya alipie ardhi aliyonyang'anywa? Na yule aliyeingia msituni akatoka mikono mitupu, pesa ya kununua ataitoa wapi? Alionya kwamba Kenya inageuka nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Kwa lugha yetu ya leo, wananchi walibaki wananchi na wachache wakawa wenye nchi.

Maneno hayo yangetoka kwa mpinzani, yangepuuzwa. Yalitoka kwa mtu wa ndani, aliyejua nani amepata nini, na huku anatoa pesa zake kwenye harambee kila pembe ya nchi. Mikutano yake ikaanza kunyimwa vibali. Hata hivyo uchaguzi wa 1974 alishinda.

Machi 2, 1975 alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi, akiwa na maafisa wa usalama. Kesho yake mchungaji mmoja Mmaasai akakuta maiti kwenye vilima vya Ngong. Watu wakaambiwa eti JM yuko Zambia, kumbe mwili wake umelala mochari ya City kama wa mtu asiyejulikana. Ukweli ulipojulikana, wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani.

Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale. Ripoti ilikuwa tayari Juni, lakini kabla ya kufika Bungeni majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa. Ikaja kura. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu waliiunga mkono ripoti, na wote watatu wakafutwa kazi. Ripoti ilipitishwa, lakini mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. JM alishiba, akaendelea kuuliza wenzake watakula nini. Muliro na wenzake walijua watapoteza nini, wakapiga kura hivyo hivyo.

Sisi hapa chuoni kelele tunaziweza, maana bado hatuna kitu cha kupoteza. Lakini miaka kumi ijayo wengine wetu watakuwa maofisini, wengine Bungeni, na mkopo wa nyumba juu. Siku hiyo ripoti ikiletwa mezani na majina mawili yamefutwa, komredi, mkono wako utainuka?