Mwalimu Julius K. Nyerere na Uamuzi wa Kwenda Vitani, 1978

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu Vita vya Kagera usiishie kutaja tarehe tu. Jiandae kueleza ni kwa nini kiongozi aliyejulikana kwa kupenda amani aliamua kupigana, na kama uamuzi huo ulikuwa wa haki.

Maisha ya awali

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake ni Mugaya. Alisoma Mwisenge (Musoma), Tabora na Makerere. Mwaka 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kupewa jina la Julius. Alifundisha Tabora, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 aliongoza kuanzishwa kwa TANU, na Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru bila vita.

Chanzo cha vita

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote wa Uganda. Nyerere alimpokea Obote na akakataa kumtambua Amin. Usisahau upande wa pili: mwaka 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa. Mkataba wa Mogadishu ukatuliza hali kwa muda.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Raia waliuawa, mali zikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 1 Amin alitangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni la Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu aliwaeleza wananchi kwamba Tanzania ina sababu ya kumpiga Amin, ina nia na ina uwezo.

Kupima uamuzi huo

Mwalimu aliongoza nchi isiyo na dini, na vita hivyo havikuwa vya Kanisa. Hata hivyo, mafundisho ya Kikatoliki kuhusu vita vya haki, yaliyojengwa na Mtakatifu Augustino wa Hippo na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, yanakupa vigezo vizuri vya kupimia:

1. Mamlaka halali. Vita vitangazwe na mwenye dhamana ya umma. Nyerere alikuwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu.
2. Sababu ya haki. Nchi ilikuwa imevamiwa na sehemu yake kutwaliwa.
3. Nia njema. Lengo liwe kurudisha haki na amani, wala si kisasi au kutwaa ardhi. Tanzania haikutwaa ardhi ya Uganda.
4. Njia ya mwisho. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulitaka usuluhishi bila kumlaani mvamizi. Mwalimu hakukubali kumweka mvamizi na mvamiwa katika mizani moja.
5. Matumaini ya kushinda. Viongozi wasipeleke watu kufa bure. Hapa ndipo lilipo neno uwezo.
6. Uwiano. Madhara ya vita yasizidi uovu unaoondolewa.

Penye utata

Hapa ndipo mtahiniwa hodari hujitofautisha. Kufikia Januari 1979 Kagera ilikuwa imekombolewa. Je, ilikuwa haki kuendelea mpaka Kampala? Wanaotetea husema Amin angerudi tena, na kwamba alikuwa akiwaua raia wake mwenyewe. Wanaopinga hukumbusha kwamba OAU ilikataza nchi kuingilia mambo ya nchi nyingine, na kwamba mji wa Masaka ulibomolewa vibaya baada ya kutekwa Februari 1979. Kwa hiyo tofautisha haki ya kuingia vitani na haki katika kupigana. Unaweza kuwa na ya kwanza na bado ukakosea katika ya pili.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na vita vikaisha Juni. Gharama ilikuwa kubwa: askari waliopotea, ambao wengi wamezikwa Kaboya, na uchumi uliodhoofika kwa miaka mingi.

Miaka ya mwisho

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985. Kuanzia 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi. Kama unasoma Mwandiga, unaijua barabara ya Manyovu inayoelekea mpakani. Mkoa wako wa Kigoma ndio uliopokea maelfu ya wakimbizi wa vita vile. Huko Mwalimu alichagua meza ya mazungumzo, kwa sababu njia hiyo ilikuwa bado wazi. Alifariki London Oktoba 14, 1999, kabla mapatano ya Arusha hayajatiwa saini mwaka 2000. Alizikwa Butiama.

Zoezi

Kwa kutumia vigezo vinne, jadili kama Tanzania ilikuwa na haki (a) kuikomboa Kagera, (b) kuendelea hadi Kampala. Jibu kila sehemu peke yake, kisha toa msimamo wako.