Mutakatifu Tereza wa Mutoto Yezu na Yaya Wake Pauline



Sanamu ya Mutakatifu Tereza, mwenyi kukumbatia musalaba pamoja na maua ya roza, inaonekana katika makanisa mengi ya inchi yetu. Tunamuomba juu ya misioni, kwa maana Papa Piyo XI alimuweka kuwa musimamizi wa misioni zote mwaka 1927. Lakini karibu na ile sanamu kunakosekana mutu mumoja, ndiye yaya wake Pauline. Bila huyu labda tusingemujua Tereza hata kwa jina, na Tereza mwenyewe hakuacha kumushukuru mupaka kufa.

Thérèse Martin alizaliwa katika muji wa Alençon, inchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Baba Louis alikuwa fundi wa saa, na mama Zélie alikuwa fundi wa kufuma vitambaa vya nakshi. Wazazi hao nao wamewekwa kati ya watakatifu tangu mwaka 2015. Walizaa watoto 9. Wanne walikufa wangali wadogo, wakabaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na Tereza aliye kitinda mimba. Pauline alimupita Tereza miaka 11.

Tarehe 28 Agosti 1877 mama Zélie alikufa kwa kansa ya ziwa. Nyuma ya maziko, mutumishi wa nyumba akawahurumia wale wadogo wawili kwa kuwa hawana mama tena. Ndipo Céline akajitupa mikononi mwa Marie, akamuchagua kuwa mama yake. Tereza, mwenyi miaka minne na nusu, akamukimbilia Pauline. Huyo mama mupya alikuwa na miaka 15 tu.

Jambo hilo si geni kwetu. Mama akiondoka, binti mukubwa anafunga kitambaa kiunoni na kushika chungu, wala hakuna anayemuuliza kama ameweza. Mimi ninayeandika kurasa hizi niliingia seminari ndogo kwa feza ya mihogo ambayo yaya wangu aliuza sokoni, na sehemu hii ya maisha ya Tereza siwezi kuisoma upesi.

Jamaa ikahamia Lisieux, karibu na mujomba wao. Huko Pauline alimufundisha Tereza kusoma, akamufundisha katekisimo na sala, akamutayarisha kwa ungamo la kwanza. Kila jioni mutoto alimuuliza kama amekuwa mwema siku ile, na kama Mungu amefurahi naye. Musifikiri kwamba Pauline alimubembeleza tu. Neno alilokwisha kukata hakulirudilia. Tereza alimupenda pamoja na ukali huo, na baadaye alikiri kwamba ulimusaidia.

Mwaka 1882 Tereza akasikia, bila kuambiwa, Pauline akizungumza na Marie juu ya kuingia Karmeli. Mbele ya hapo Pauline alikuwa amemuahidi, kwa namna watu wazima wanavyosema na watoto, kwamba atamungojea waende pamoja mbali jangwani. Mutoto aliliamini neno hilo kabisa. Tarehe 2 Oktoba Pauline akaingia monasteri, na mutoto akapoteza mama mara ya pili. Alipofika kumutazama, jamaa yote ilizungumza na Pauline katika kiwambo cha vyuma, na Tereza aliachiwa dakika chache tu za mwisho, naye alizimaliza kwa kulia. Wakati wa Pasaka ya 1883 akashikwa na ugonjwa mukali ambao waganga hawakuufahamu. Akapona siku ya Pentekoste, tarehe 13 Mai, alipoona sanamu ya Bikira Maria ikimuchekea.

Pauline hakumusahau. Alimuandikia kitabu kidogo cha kumutayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Siku ile ile ya Komunyo, tarehe 8 Mai 1884, Pauline aliweka nadhiri zake.

Tereza akaingia Karmeli ya Lisieux tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Mutu angefikiri kwamba sasa machozi yamekwisha. Kumbe ndani ya nyumba moja, yaya na mudogo wake walipaswa kushika kimya sawa na masista wengine. Tena kanuni haikuruhusu ndugu watatu wa jamaa moja kuwa na kura katika baraza la masista. Marie na Pauline walikuwa wamekwisha kutangulia, basi Tereza akabaki novisiati mupaka kufa kwake.

Mwaka 1893 Pauline, aliyeitwa sasa Mama Agnès wa Yezu, akachaguliwa kuwa Mama Mukubwa. Ni yeye aliyemupa Tereza, mwaka 1895, kazi ya kumusaidia kwa sala kijana mumoja aliyetaka kuwa misionari, Maurice Bellière. Huyo akawa Padri Mweupe, akatumwa Nyasaland, leo Malawi. Sisi watu wa mashariki ya Kongo, tuliopokea Injili kwa mikono ya Mapadri Weupe, tufahamu basi kwamba Tereza aliombea jamaa yao angali hai.

Tena ni Pauline aliyemuamuru Tereza aandike ukumbusho wa utoto wake. Tereza akaandika katika kaye za shule, usiku, nyuma ya kazi. Alimupa Pauline kaye hizo mwezi wa Januari 1896, naye akaziweka kando bila kuzisoma kwa muda. Mwaka huo huo, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, Tereza akatapika damu. Pauline hakuambiwa mupaka mwezi wa Mai 1897. Ndipo akaenda usiku kumuomba Mama Marie de Gonzague, aliyekuwa Mama Mukubwa tena, ili mugonjwa aruhusiwe kuandika yaliyobaki. Yeye mwenyewe akakaa karibu na kitanda, akaandika maneno ya mudogo wake siku kwa siku.

Tereza alikufa tarehe 30 Septemba 1897, na miaka 24. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, nakala 2.000. Pauline alikisahihisha sana, hata kupita kiasi, na wenyi elimu wamemulaumu. Nakubali lawama hiyo. Lakini Mama Marie de Gonzague alikuwa ameweka sharti: kurasa zote zionekane kama zimeandikwa kwake. Pauline akafuta jina lake mwenyewe, ili maneno ya mudogo wake yawafikie watu.

Akaishi kuona mudogo huyo akitangazwa mutakatifu, tarehe 17 Mai 1925, na akafa tarehe 28 Julai 1951, karibu kutimiza miaka 90. Hakuona mwaka 1997, Tereza alipoitwa Mwalimu wa Eklezya. Mwaka 1956 kaye zilitolewa jinsi Tereza alivyoziandika kwa mukono wake. Mwanzoni mwa kaye ya kwanza kunasomwa jina la yule aliyeandikiwa: Mama Agnès wa Yezu, ambaye Tereza anamuita mama yake mara mbili.