Froebel na Vipande Vyake Vinane

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tulipitia chekechea, au shule ya vidudu kama wazee wetu wanavyoiita, lakini sidhani kama ni wengi wanaomjua mtu aliyeianzisha. Jina lake ni Friedrich Froebel.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili, 1782, katika kijiji cha Oberweissbach, Ujerumani. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Baba alikuwa mchungaji mwenye kazi nyingi, na mama wa kambo hakumjali. Basi akakua peke yake mpaka alipotimiza miaka kumi, mjomba wake akamchukua. Mimi naona upweke huo ndio uliomfanya baadaye awahurumie watoto wadogo.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Alijifunza kazi ya misitu, akaingia Chuo Kikuu cha Jena, akafungwa kwa ajili ya deni, akataka kuwa mchoraji wa ramani za majumba, na mwaka 1805 akaishia kuwa mwalimu mjini Frankfurt. Baadaye alifanya kazi Berlin katika makumbusho ya mawe, na huko alizichunguza sana fuwele, yaani mawe ambayo pande zake zimenyooka kana kwamba zimekatwa na fundi.

Mwaka 1837 alifungua mahali pa watoto wadogo huko Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita kwa lugha yao bustani ya watoto. Alitengeneza vitu vya kuchezea, akaviita zawadi. Zawadi ya kwanza ni mipira sita ya sufu. Ya pili ni tufe, silinda na mchemraba wa mbao. Ya tatu ndiyo niipendayo mimi: mchemraba uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa. Mtoto hujenga kiti, hukigeuza kuwa ngazi, kisha daraja, wala haachi kipande hata kimoja nje.

Msidhani huu ni mchezo wa kitoto tu. Nilikata vipande vinane kama hivyo katika karakana yetu ya useremala. Nilipovipanga kuwa mchemraba mmoja, nyuso zilizobaki nje, pamoja na za chini, zilikuwa 24. Nilipovilaza safu mbili za vinne vinne, zikawa 28. Na mstari mmoja, 34. Mbao ni ile ile, haikuongezeka hata chembe! Tangu siku hiyo sihitaji kukariri tofauti ya ujazo na eneo.

Lakini mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani hizo, ikidai zinafundisha watoto kumkana Mungu. Maandishi ya Karl, mtoto wa nduguye, yalichanganywa na yake. Mzee alilieleza kosa hilo, wala amri haikuondolewa. Alifariki tarehe 21 Juni, 1852, kazi yake ikiwa bado imekatazwa, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860.

Wakati huo wanafunzi wake walikwisha kuieneza mbali. Huko Marekani, Frank Lloyd Wright, bingwa wa kuchora majumba aliyefariki mwaka 1959, alivichezea vipande hivyo utotoni, na hata uzeeni alivitaja kuwa mwalimu wake.

Kaburi la Froebel liko Schweina. Juu yake yamesimamishwa mawe matatu: mchemraba chini, silinda katikati, na tufe juu.