Sholes, mtu aliyetupangia herufi za kibodi

Ukiingia steshenari hapa Kilosa mjini, au zile za kando ya barabara kuu pale Mikumi, hukosi kumkuta dada anataipu barua ya maombi ya kazi, mteja amesimama pembeni anasubiri. Mausi anaigusa mara chache. Vidole vyake vinafuata mpangilio wa herufi ulioachwa na mtu aliyefariki mwaka 1890. Leo tunamkumbuka.

Christopher Latham Sholes alizaliwa mwaka 1819 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alijifunza uchapaji akiwa kijana, akahamia Wisconsin, akawa mhariri wa gazeti na pia seneta wa jimbo. Mwaka 1868, yeye na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soule walipata hataza ya mashine ya kuandikia.

Mwanzoni herufi zilifuata mpangilio wa alfabeti. Sholes alizihamisha tena na tena. Inasimuliwa kuwa alitaka vyuma vya herufi visigongane na kukwama. Mwaka 1873 kazi ya kuiunda mashine hiyo ilichukuliwa na Remington, watengenezaji wa bunduki na cherehani. Sholes aliuza haki zake, faida kubwa ikaenda kwa wengine. Binti yake Lillian alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuitumia, na baada ya hapo wanawake wengi walipata ajira za ofisini kupitia taipureta.

Mausi ilikuja baadaye sana. Douglas Engelbart aliionyesha hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968, miaka 100 baada ya hataza ya akina Sholes. Hata yeye alishika mausi kwa mkono mmoja, mwingine ukabaki kwenye vitufe.

Basi hatusemi mausi itupwe. Kwa kuchora na kupanga picha, inafaa. Lakini anayelipwa kwa ukurasa hupoteza muda kila mkono unapoacha kibodi kutafuta mahali pa kubofya. Ctrl na S huhifadhi kazi papo hapo, kabla umeme haujakatika. Na kwa kuwa herufi A hujirudia mno katika Kiswahili, anayejifunza akizoeze mapema kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Sholes hakutajirika kwa vitufe vile, ila hapa kwetu bado vinalisha familia.